Ufunguo Shingoni mwa Byron

Kukaa kitako kulimshinda Safa tangu utotoni, lakini Ijumaa ile pale Luanda Kotieno, kando ya ziwa, alizidi. Walimpa kiti cha plastiki chini ya turubai, akakaa, akainuka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi, akakaa, akainuka tena. Mama mmoja aliyekuwa akichambua majani ya sukuma akamwuliza kama kile kiti kina kunguni. Safa akacheka kidogo, kisha macho yakamponyoka yenyewe kuelekea banda la mabati nyuma ya jiko, mara ya ishirini sasa. Ndani ya banda hilo kulikuwa na pikipiki ya Kiingereza, BSA ya mwaka wa hamsini na sita. Mtu aliyeipenda kuliko wote alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, akingoja kuzikwa kesho yake.

Huyo alikuwa Mzee Joram. Wa pili kwa kuipenda alikuwa Safa mwenyewe, na taabu yote ilianzia hapo.

Msidhani alikuwa ndugu. Safa ni Mwislamu wa Kisumu mjini, fundi wa kutengeneza cherehani, na anakaa Migosi katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Chini ya televisheni kuna injini ya Triumph imelazwa juu ya magazeti, na nyuma ya mlango wa bafu kuna magurudumu mawili yanayongoja fremu ambayo hajaipata mpaka leo. Mama yake kila akija kumtembelea huziba pua na kumwuliza ni mwanamume gani atakayeoa mtu ambaye sebule yake inanuka grisi. "Atakayekuja na kabureta mkononi," Safa humjibu, na mama huomba Mungu kwa sauti ili majirani wasikie.

Ugonjwa wenyewe wa pikipiki aliupatia Otonglo, miaka tisa iliyopita. Alikuwa amepanda boda kwenda kuangalia cherehani kuukuu iliyokuwa ikiuzwa pale sokoni. Mara akasikia mlio. Pikipiki za siku hizi zinapiga kelele ngiii mpaka unaumwa na jino, lakini hii ilikuwa ikisema du, du, du, kila pigo peke yake, bila haraka na mtu. Mzee mmoja mwenye kofia na koti refu akapita. Safa akampiga mwendeshaji wake begani.

"Mfuate huyo mzee!"

"Madam, si tulisema Otonglo?"

"Nimesema mfuate!"

Wakamfuata zaidi ya kilomita sitini, mpaka ziwani, mpaka langoni kwake. Mzee Joram aliposhuka akamtazama mwanamke huyu mwenye vumbi hadi kwenye kope, akamwuliza ametumwa na nani. Safa akasema hakutumwa, ameisikia tu ile sauti. Mzee akafikiri kidogo, kisha akamwita mkewe, Mama Dorca, aongeze maji kwenye chai.

Tangu siku hiyo, Jumapili moja ndiyo, moja hapana, Safa alikuwa Luanda Kotieno. Mzee alimfundisha yote. Fungua petroli. Bonyeza kile kipini kidogo cha kabureta kwa kidole cha shahada mpaka petroli ifurike na kidole kilowe. Rudisha nyuma ile fimbo ndogo kwenye usukani, kwa sababu usipoirudisha, kiki, ile pedali ya kuwashia, itakurushia mguu wako juu na utauokota Mbita, ng'ambo ya ziwa. Tafuta pale injini inapokuwa nzito, ipite kidogo tu, halafu kiki moja, ndefu, kwa heshima. Kidole cha mzee kilinuka petroli mwaka mzima. Mama Dorca alimnawisha mara mbili kabla hajamruhusu kugusa ugali, na bado harufu haikutoka.

Wiki tatu kabla hajafa, mzee alimshika mkono akamwambia, "Nyathina, nikienda, usikubali waisimamishe." Maneno hayo tu. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Nyathina kwa Kijaluo maana yake ni mwanangu, na Safa alilia barabarani njia yote ya kurudi mjini.

Sasa aliyetaka kuisimamisha alikuwa amefika. Byron, mtoto wa kiume wa pekee wa mzee, alitoka Nairobi Jumatano na viatu vyake vyeupe na simu mbili. Rafiki yake alikuwa akijenga hoteli Kisumu, upande wa ziwani, na Byron alikuwa amekwisha kumwahidi pikipiki ya baba. Hata picha ya mchoro alimwonyesha Safa bila kuombwa.

"Inakaa pale gate, Madam, juu ya nguzo. Tunaipaka gold. Halafu injini tunajaza simiti, ndiyo wezi wasifungue vitu."

Simiti ndani ya injini! Safa alitazama ile picha na kumchukia huyu mtu moja kwa moja, bila kuona haya. Kilichomkera zaidi ni kwamba Byron hakuwa amelia hata mara moja. Mama Dorca naye alikuwa amelitaja jambo hilo kwa wasiwasi, kwamba mwanawe anatembea huku na huko akipanga sufuria na hema kana kwamba msiba ni wa jirani.

Shingoni mwake Byron alivaa ufunguo mdogo wa shaba kwenye uzi. Aliukuta mfukoni mwa koti la baba yake, na akamtangazia kila mtu kuwa hakuna atakayeigusa ile mashine, ufunguo uko naye. Alisema hivyo akimtazama Safa.

Safa alibana midomo. Maana pikipiki ile haina ufunguo. Haijawahi kuwa nao. Moto wa plagi inajitengenezea yenyewe kwa mzunguko wa injini, na tangu ilipotoka kiwandani anayeijua anaiwasha na asiyeijua haiwashi. Ule ufunguo ulikuwa wa kisanduku cha spana kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki, kufuli ambalo mzee alilitia mwenyewe. Safa alilijua hilo na hakumwambia mtu, kwa sababu Byron angelijua angefunga mnyororo kwenye gurudumu siku hiyo hiyo. Mpango wake ulikuwa huu: Jumapili alfajiri, watu wote wakiwa wamechoka na maziko, aisukume hadi barabarani, aiwashe, ateremke hadi feri ya kwanza ya Mbita. Mpaka wagundue, yeye yuko ng'ambo. Ni wizi au ni kutimiza neno la marehemu? Alijiuliza hivyo tangu Jumatano bila kupata jibu, na ndiyo maana viti vilimshinda.

Saa nane mchana Mzee Oduor, mdogo wake marehemu, akapuliza filimbi. Ulikuwa wakati wa tero buru, kukifukuza kifo kutoka nyumbani. Zamani walikwenda na ng'ombe, mikuki na ngoma. Siku hizi ng'ombe wapo wachache na vijana wa boda wapo wengi, wamefunga matawi kwenye usukani, wanakimbia kwa vumbi na makelele mpaka mpakani, wanakiacha kifo huko, wanarudi. Pale kwao mpaka ulikuwa ufukweni, feri inapofunga. Oduor alitaka pikipiki ya marehemu iongoze, na hapo akatoa sharti lake.

"Itakayotoka mbele ndiyo itakayorudi mbele, kupitia lango hili hili. Isiporudi, kifo kinarudi badala yake. Mmenisikia?"

"Nitaiendesha mimi," Byron akasema. "Mimi ndiye mtoto."

Hapo hakuna aliyeweza kubisha. Wakaitoa bandani. Byron akavua uzi shingoni, akaizunguka pikipiki akitafuta tundu. Akaliona la kisanduku cha spana. Akachomeka, akazungusha, ikalia kacha! Akatabasamu.

"Imekubali," akawaambia watu.

Safa akageuka akauma mtandio wake. Lakini kicheko kilimkauka alipoona ile fimbo ya usukani iko mbele kabisa, Byron hajaigusa, na mguu uko juu ya kiki. Alijua nini kitafuata. Angeweza kusema. Alinyamaza, Mungu amsamehe, kwa sababu ya ile rangi ya dhahabu. Byron akakanyaga kwa nguvu zake zote, kiki ikamrudishia kwa nguvu zaidi, na kijana wa watu akaruka akatua kwa makalio katikati ya uwanja, na viatu vyake vyeupe.

"Aii yawa!" wanawake wakapiga kelele. Vijana wa boda wakageuza nyuso ili wasionekane wanacheka.

Mama Dorca alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake, mahali pa mjane. Alimtazama tu Safa, na Safa akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaenda, akabonyeza kipini mpaka kidole kikalowa, akarudisha fimbo, akaitafuta ile sehemu nzito, akapiga kiki moja. Du, du, du, du. Wazee waliokuwa wameketi wakainuka, na mmoja akavua kofia.

"Bwana Byron," Safa akamwambia, safari hii kwa moyo safi, "sikiliza. Hii ni kinyume cha zile unazozijua. Breki iko mguu wa kushoto. Gia ndiyo iko kulia. Ukishtuka, kanyaga kushoto."

"Madam, mimi nimeendesha pikipiki tangu college."

Akaondoka. Filimbi zikalia, boda ishirini zikanguruma nyuma yake, vumbi likapaa. Mita arobaini hivi alikwenda vizuri, amenyoosha mgongo, na kwa mbali ungesema ni mzee mwenyewe. Halafu ng'ombe mmoja wa Oduor akakata njia pale langoni. Byron akafanya alichofanya maisha yake yote: akakanyaga kulia. Ilikuwa gia. Pikipiki ikachupa mbele badala ya kusimama, akakanyaga tena kulia, ikachupa tena, na mwanamume na mashine wakaingia wote ndani ya ua wa mnyaa.

Safa alikimbia kuliko wote. Alifika wa kwanza, akapiga magoti, akaishika mashine: tangi, kabureta, usukani. Taa ya mbele imevunjika, pedali ya breki imepinda mpaka haifai, mengine salama. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mtu pia. Byron alikuwa amelala ubavuni na suruali iliyochanika, anashika kifundo cha mguu, anamtazama. Alikuwa ameona vizuri ni nani aliyeshughulikiwa kwanza. Safa alitamani ardhi impasukie.

"Samahani," akasema.

"Wewe hiyo ndiyo ulikujia," Byron akasema. Akajiburura, akachomoa ufunguo kutoka kisandukuni, akauvaa shingoni. "Imeisha. Hakuna mtu anapanda tena hii kitu. Jumatatu inaenda kwa simiti."

Kijana mmoja wa boda akasema, kama ni hivyo, pikipiki yake iongoze. Oduor akakataa katakata. Iliyotoka ndiyo itakayorudi, alisema, na kifo sasa wamekiamsha wakakiacha hapa hapa langoni kama mgeni aliyekatazwa kuondoka. Wengine wakasema ni mambo ya zamani. Wengine wakasema waulize pasta. Kelele zikawa nyingi, na katikati yake Mama Dorca akaanza kulia pale mlangoni.

"Nyinyi mtarudi kwenu," alisema. "Byron atarudi Nairobi. Mimi ndiye nitalala nacho ndani ya nyumba hii, peke yangu. Yawa, Joram, wameniacha nacho."

Safa alisikia. Mwislamu yeye, kifo kwake hakikai langoni, lakini haikuwa hoja ya kile anachoamini yeye. Mwanamke aliyemwongezea maji kwenye chai kwa miaka tisa alikuwa anaogopa nyumba yake mwenyewe. Na dawa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na gharama. Akiiwasha pikipiki bila ufunguo mbele ya watu wote, siri imekwisha. Jioni hii hii Byron atafunga mnyororo, Jumapili alfajiri haitakuwapo tena, na Jumatatu simiti. Alisimama hapo akikunja na kukunjua mtandio wake. Kisha akalifunga dera kiunoni juu ya suruali, akawaita vijana wawili waje waiinue.

"Madam," Byron akasema akiwa ameketi chini, "funguo iko na mimi."

"Najua."

Akabonyeza kipini. Akarudisha fimbo. Akapiga kiki. Du, du, du.

Mkono wa Byron ukapanda taratibu mpaka shingoni, ukaushika ule ufunguo, ukabaki hapo.

"Mwanamke?" Mzee Oduor akauliza, bila kumwelekea mtu.

"Joram ndiye alimfundisha," Mama Dorca akasema kutoka mlangoni, akifuta pua. "Nani mwingine anaijua? Puliza filimbi, Oduor."

Oduor akatazama chini, akatazama pikipiki, akapuliza.

Safa akatoka langoni na boda zote nyuma yake, kelele, matawi, vumbi, watu wakikimbia kando na vijiti. Njia ya kuteremka ziwani ina mawe, na yeye alikuwa na breki moja tu, ya mbele, ambayo hata ikiwa na siku nzuri hubembelezwa. Aliitumia injini kujizuia, gia ya pili, ya kwanza, na mlio ukagonga kuta za vibanda vya dagaa wa omena mpaka wachuuzi wakasimama. Ee Mungu, alifurahi! Ni aibu kufurahi matangani lakini alifurahi, uchovu wote wa wiki ulimtoka kifuani.

Feri ya Mbita ilikuwa imefika. Mlango wake wa chuma ulikuwa chini, gari la mwisho linaingia, na moshi unatoka. Mpakiaji mmoja akamwona anateremka, akampungia.

"Madam, ingia! Ingia, tunatoka!"

Boda zilikuwa bado nyuma kwenye mawe. Hatua thelathini. Mlango ungefungwa nyuma yake, na hakuna simiti, hakuna nguzo, hakuna dhahabu. Mzee alisema usikubali waisimamishe. Safa alifika mpaka gurudumu la mbele likagusa chuma. Akakaza mkono kwenye klachi. Akilini alimwona Mama Dorca kule mlangoni pake, akilitazama lango, akisikiliza.

"Madam, unaingia ama huingii?"

"Siingii," Safa akasema, na ikamuuma kuisema. Akaizungusha mashine kwa miguu, jasho linamtoka, boda zikamfikia, wote wakapiga kelele wakikiambia kifo kibaki huko huko majini. Akapanda mlima akiwa mbele, analia waziwazi, upepo unamkausha.

Aliingia langoni wa kwanza, kama ilivyotakiwa. Mama Dorca aliinua mikono yote miwili juu, kisha akaishusha, akapumua. Wanawake wakaimba. Safa akazima injini, akashuka, akangoja mnyororo.

Byron alikuja akichechemea. Alikuwa ameuvua ufunguo, ameushika kiganjani.

"Hii ni ya nini basi?"

"Ya kisanduku cha spana."

"Kwa hivyo ungeichukua siku yoyote."

"Siku yoyote. Nilipanga Jumapili."

"Na saa hii? Hapo kwa feri?"

"Na saa hii," Safa akasema. "Nilifika mlangoni."

Byron akaitazama pikipiki. Tone la oili lilianguka chini yake, halafu jingine.

"Mimi baba hakuniambia hata kama haina funguo," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimezaliwa hapa na hii kitu. Nikiwa mdogo alikuwa akisema ngoja ukue. Nikikua nikaenda shule, nikaenda Nairobi. Wewe umetoka Kisumu huko, unajua kila kitu."

Kwa mara ya kwanza alizihesabu zile Jumapili zote kwa upande wa mtu mwingine. "Alikuwa akikungoja," akasema. "Kila Krismasi aliisafisha. Akasema safari hii Byron atakuwa na siku mbili tatu."

Byron akamkabidhi ufunguo. "Nifundishe kuiwasha. Mara moja tu. Halafu uende nayo, isisimame."

Safa akaupokea. Akamshika mkono, akauinamisha hadi kwenye kabureta, akamwekea kidole cha shahada juu ya kile kipini.

"Bonyeza. Usiogope. Mpaka kilowe."

Byron akabonyeza. Petroli ikafurika, ikamtiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akakiinua kidole karibu na uso kukitazama, harufu ikamfika puani. Akasimama hivyo hivyo, na kidole puani kama mtoto, kisha akakaa chini vumbini, akamwita baba yake kwa sauti ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia kwake. Mama Dorca aliinuka kutoka mlangoni. Safa akaketi chini kando ya Byron, na hakuinuka tena mpaka Byron alipomaliza kulia.